Joho la Buluu Katika Msimu wa Mvua za Plamu

8 Juni 2019, Jumamosi

Leo nimewahamisha watu thelathini na mmoja ili kumpisha mtu mmoja. Nilimwambia Boran hivyo tukiwa tunafunga maboksi, naye akanijibu kwamba wanasesere si watu na mama yake si mgeni. Kisha akaenda kuchemsha maji ya chai. Mume wangu ni mpole, na upole wake una tabia ya kumtoa chumbani kazi inapoanza.

Paa la nyumba ya mama yake linavuja. Fundi amekataa kupanda mpaka mvua za plamu, zile za mwezi mzima matunda hayo yanapoiva, zipite, na hazijaanza hata. Kwa hiyo mpaka katikati ya Julai Mama atalala kwenye chumba kidogo, na wanasesere wangu watalala na sisi. Malkia wa enzi ya Tang wako juu ya kabati la nguo, malkia na mabibi wa Ming kwenye rafu ya vitabu, na wale wa Qing, ambao ndio wengi, nimewapanga kwenye kizingiti cha dirisha, wamekaa mkao wa watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Wengine niliwanunua wakiwa wamevaa. Wengine niliwanunua uchi nikawashonea mwenyewe.

Bibi wa Buluu nimemweka peke yake mezani. Joho lake, lenye mawimbi na popo wa bahati niliowatarizi, lilinichukua miezi kumi na minne. Uzi wa hariri nilikuwa naupasua nyuzi ndogo kumi na sita, mpaka hauonekani bila miwani, na miwani ndiyo kazi yangu. Nashinda dukani nikisaga lenzi. Tarehe 20 Julai atakwenda Nanjing kwenye maonyesho ya chama chetu cha wakusanyaji. Zimebaki wiki sita na kila kitu kiko tayari, lakini moyo wangu hautulii.

9 Juni

Mama amefika na begi moja na sufuria yake ya wali. Amewatazama wanasesere, akauliza kama mwanawe bado ana mahali pa kulala.

10 Juni

Niliporudi kazini niliwakuta wa Qing wote wamegeuzwa, nyuso zao zinatazama kioo cha dirisha. Mama alisema alikuwa anafagia na hapendi kutazamwa na waliokufa. Nikasema hawajafa, ni plastiki. Akasema hiyo ni mbaya zaidi. Niliwageuza.

13 Juni

Wamegeuzwa tena. Nimewageuza tena.

14 Juni

Vilevile.

17 Juni, Jumatatu

Redio imetangaza kwamba msimu umeingia leo, kana kwamba mji mzima wa Suzhou haujui. Kuta zinatoa jasho. Taulo halikauki. Mkate wa mvuke niliouacha mezani asubuhi ulikuwa na manyoya ya kijani jioni. Nimeweka pakiti za kukausha unyevu chini ya kila joho, na mashine ya kunyonya maji hewani nimeiwasha mchana kutwa. Mama anaizima nikitoka. Anasema inanguruma. Anafungua madirisha ili hewa ipite, na hewa inayopita ni maji matupu.

19 Juni

Ukungu. Doa la kijivu, dogo kuliko punje ya ufuta, kwenye mkono wa malkia wa Ming mwenye taji la ndege. Kufika saa sita nilikuwa nimeyaona madoa sita. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini nikidanganya kwamba naumwa tumbo, na kwa kweli liliuma.

Nilimwambia Mama, kwa heshima zote nilizobakiwa nazo, kwamba madirisha ya nyumba hii mimi ndiye nayajua. Akajibu kwamba yeye alifanya kazi miaka ishirini na minane kwenye kiwanda cha hariri na hahitaji kufundishwa unyevu. Nikasema basi anajua anachokifanya. Alielewa maana yangu. Boran naye alielewa, akaenda kununua soya.

20 Juni

Mvua.

22 Juni, Jumamosi

Leo nilimkuta Mama amekaa mbele ya Bibi wa Buluu. Hakuwa amemgeuza. Alikuwa amevaa miwani ya kusomea, niliyomsagia mwaka juzi na ambayo sijawahi kumwona nayo, na alikuwa ameinama mpaka pua yake karibu iguse pindo la joho.

Akaniuliza nani aliniambia niyashone mawimbi vile. Nikasema niliyatoa kwenye kitabu cha picha. Akasema kwamba popo ni wachache, na wanatakiwa wawe wekundu, na wanatakiwa wapande juu kuelekea kifuani, siyo kutawanyika tu namna ile. Nikamuuliza amejuaje. Akavua miwani, akasema maharage yanaungua.

Miezi kumi na minne, na huyu mama ameona popo tu. Nimewaza maneno ya kumjibu mpaka nikachoka.

23 Juni

Nilihesabu popo. Ni tisa. Mimi nawaona wanatosha.

25 Juni, Jumanne

Bibi wa Buluu hayupo.

Nilirudi saa kumi na mbili na nusu, nikaweka mwavuli bafuni, nikaingia chumbani kubadilisha nguo. Meza ilikuwa tupu. Kibao chake cha kusimamia kilikuwepo, pakiti ya kukausha ilikuwepo, yeye hayupo. Nilitazama chini ya kitanda. Nilifungua maboksi yote ingawa nilijua sikumweka humo. Nilifanya hivyo kwa sababu jikoni alikuwepo mtu mmoja tu wa kuulizwa, na nilijua nikishamuuliza hatutarudi tulikokuwa.

Nilimuuliza. Alikuwa anamenya maharage mabichi. Hakuinua kichwa.

"Mama, umemtupa?"

"Sijamtupa."

"Yuko wapi?"

"Yupo. Atarudi."

"Atarudi vipi? Ana miguu?"

Hapo mikono yake ilisimama. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hawezi kuniambia. Nikamwambia kwamba tangu aingie ndani ya nyumba hii amewageuza, amezima mashine, amefungua madirisha mpaka nguo zangu zimeoza, na sasa ameiba. Nilisema hilo neno. Nililisema kwa mama mwenye miaka sitini na sita, aliyemlea mume wangu peke yake, na nilipolisikia limetoka sikutaka kulirudisha.

Boran alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake mkononi. Nilimtazama aseme kitu, upande wowote. Alisema, "Jamani, ni mwanasesere."

Mama aliosha mikono. Alipanga nguo zake kwenye begi, akachukua sufuria yake, akavaa koti la mvua. Boran alimfuata mpaka kwenye ngazi akimsihi, nami nikawasikia, lakini miguu yangu haikusogea. Alirudi peke yake, amelowa. Maharage yalikuwa bado kwenye bakuli, nusu yamemenywa. Niliyamalizia mimi.

26 Juni

Nimepekua mapipa ya taka ya jengo zima. Mlinzi alinisaidia na kijiti.

27 Juni

Boran amekwenda kwa mama yake na vyakula. Haniambii amekuta nini. Sijamuuliza.

28 Juni

Mvua. Nimekosea lenzi mbili dukani. Silali vizuri wala silali vibaya, nageuka tu.

30 Juni, Jumapili

Nimekwenda mwenyewe.

Nilitoka nyumbani nikiwa na hotuba kichwani. Njia yote kando ya mfereji niliirudia. Nilipofika kwenye uchochoro wake nikaona mlango uko wazi, na ndani kuna ndoo nne, mabeseni mawili na ile sufuria ya wali, zote zinapokea maji. Mama alikuwa amekaa juu ya kitanda, miguu ameikunja, kwa sababu sakafu ilikuwa imelowa. Alinisogezea mto nikae. Hotuba yangu ikaisha hapo.

Sasa naandika alivyonieleza, kabla sijaanza kubadilisha maneno yake.

Alisema kwamba mkabala na nyumba yake, hatua arobaini, anaishi Bibi Weng. Huyu namjua kwa macho, mzee mwembamba sana anayekaa dirishani. Mwaka 1966 Mama alikuwa na miaka kumi na mitatu, na Bibi Weng alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, mke wa mwalimu. Kila mwaka mvua za plamu zikiisha, siku ya sita ya mwezi wa sita kwa kalenda ya kale, watu wa uchochoro walikuwa wanatoa nguo zao juani. Bibi Weng alikuwa na joho moja ambalo hakulitoa nje. Alilitandaza ndani, penye jua la dirishani, na alimruhusu mtoto mmoja tu wa jirani aje kulitazama. Lilikuwa la bibi wa bibi yake, mke wa ofisa wa enzi ya Qing. Lilikuwa la buluu, na mawimbi kwenye pindo, na popo wekundu wanaopanda mpaka kifuani. Mtoto yule alikuwa anaruhusiwa kuwagusa popo kwa kidole kimoja, akishanawa.

"Mimi ndiye nilikuwa huyo mtoto," Mama alisema.

Mwaka ule wavulana wakubwa wa shule walivaa vitambaa vyekundu mkononi, wakawa wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta vitu vya kale waviteketeze, maana wakati ule kuwa navyo kulihesabiwa kosa. Kwa Bibi Weng walitafuta asubuhi nzima wasione kitu. Wakati wanatoka, wakamuuliza yule mtoto wa jirani kama anajua. Hawakumpiga, alisema, wala hawakumtisha. Walimuuliza vizuri tu, na mmoja akamwahidi kitambaa. Akawapeleka kwenye sanduku lililokuwa nyuma ya pipa la mchele. Walilitoa joho uani, wakampa yeye kibiriti, kwa kuwa yeye ndiye aliyeligundua.

"Hariri haiwaki vizuri," alisema. "Inajikunja. Nililiwasha mara tatu."

Nilimuuliza Bibi Weng alifanya nini. Alisema hakufanya chochote. Alimtazama yeye, siyo moto. Na toka siku ile, miaka hamsini na mitatu, Mama anamwamkia kila asubuhi akipita chini ya dirisha lake, na yule bibi hajamjibu hata siku moja. Mama aliolewa, akazaa, akafiwa na mume, akaingia kiwandani na kutoka, na bado anaamkia dirisha.

Kwa hiyo alipomwona mwanasesere wangu alidhani anaugua. Siku ya Jumanne alimfunga kwenye taulo, akampeleka. Alitaka kumwonyesha tu. Alitaka kuuliza, lilikuwa hivi? Alikuwa amepanga kunirudishia kabla sijatoka kazini. Bibi Weng alimchukua mikononi mwake, akaingia naye ndani, na mlango ukafungwa.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningeanzia wapi, mwanangu? Hata Boran hajui."

Nilimsaidia kumwaga ndoo. Sikumwomba radhi. Nilitaka, lakini kila nilipofungua mdomo nilifikiria joho langu liko kwenye chumba gani na unyevu gani.

2 Julai

Nimebisha hodi kwa Bibi Weng. Alinifungulia binti yake, Rong, ambaye naye ni mtu mzima wa miaka sitini, nami namwita Shangazi kwa heshima. Alinikaribisha barazani, akaniambia kwa aibu kwamba ameshindwa. Mama yake analala na yule mwanasesere pembeni ya mto. Anamfunika. Hataki mtu amguse, na chakula anakula vizuri kuliko mwaka mzima uliopita.

Nilisema kwa sauti ya kutosha kusikika ndani kwamba nina maonyesho tarehe 20, na kwamba ile ni kazi ya mikono yangu.

Sauti ilitoka ndani, kavu na safi kabisa: "Mwambie asubiri. Mimi nilisubiri."



4 Julai

Mvua. Nimeagiza uzi mwekundu, kisha nimefuta oda.

6 Julai, Jumamosi

Nimezunguka mfereji mara tatu na mwavuli uliovunjika. Ninachojiuliza hakibadiliki. Sikuchoma kitu mimi. Nilikuwa sijazaliwa. Kwa nini nilipe mimi? Halafu nafika kwenye daraja na kufikiria kidole kimoja kilichonawishwa. Nageuka, naanza upya.

Boran amejua sasa. Mama amemwambia mwenyewe. Asubuhi alipanda juu ya paa la mama yake na turubai, mvuani, mtu ambaye akipanda kiti anashika ukuta. Nilisimama chini nimeshika ngazi. Nilimwona akitambaa kuelekea kwenye tundu, na nikampenda kuliko nilivyompenda kwa muda mrefu.

8 Julai

Leo ni siku ya sita ya mwezi wa sita kwa kalenda ya kale. Hakuna aliyetoa nguo nje. Imenyesha kuanzia alfajiri.

9 Julai

Nimemwandikia mwenyekiti wa chama, huko Nanjing, kwamba huenda nisilete niliyemwandikisha. Amejibu kwamba nina wengine thelathini, nichague. Anadhani ni suala la kuchagua.

11 Julai, Alhamisi

Shangazi Rong alikuja dukani na kopo la biskuti. Nilikuwa na mteja. Nilimwacha na fremu usoni.

Ndani ya kopo alikuwemo mwanasesere wangu, amefungwa kwa kitambaa cha pamba. Nywele zake zimechanwa. Taji lipo, viatu vipo. Joho halipo. Alikuwa na shati la ndani tu, lile jeupe nililomshonea na ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona.

Shangazi Rong alisema maneno aliyotumwa, akiwa ameyakariri: "Mama anasema mwanasesere ni wako, nguo ni yake. Na anasema popo ni wachache, lakini umejitahidi."

Nilicheka, halafu nikalia, mbele ya mteja na mwenye duka. Niliwaza kwenda kule na kuvunja mlango. Miezi kumi na minne. Macho yangu yamo ndani ya joho lile. Mwenye duka alinipa ruhusa nikaondoka, na miguu ikanipeleka kwa mama mkwe badala ya kwa yule mzee.

Nilimwekea kopo mapajani bila salamu. Alifungua, akaangalia, akalifunika, akalifungua tena.

"Amelichukua?"

"Amelichukua, Mama."

"Kwa mkono wake? Amesema ni lake?"

Nikamrudia maneno yote, na la popo pia. Mama alikaa chini kwenye sakafu iliyolowa. Nilidhani ameanguka nikamshika, lakini alikuwa amekaa tu. Alikuwa anapumua kama mtu aliyetua mzigo wa mkaa. Alisema kwamba miaka yote amempelekea yule bibi vitu, mayai, matunda ya msimu, kitambaa cha kiwandani, na vyote alivikuta asubuhi nje ya mlango wake mwenyewe, vimerudishwa. Hiki ndicho cha kwanza ambacho hakikurudi.

"Lakini ni chako," akasema. "Nimemlipa kwa kitu chako. Nimekuibia kweli, Suwen. Ulisema sawa."

Hapo ndipo nilipomwomba radhi. Ilitoka vibaya, katikati ya kamasi, na sikumwambia kwamba nimesamehe joho, kwa sababu sikuwa nimelisamehe. Nilimwambia tu arudi nyumbani, pale atapata homa ya mapafu. Akauliza kuhusu mashine. Nikasema mashine itawaka. Akasema sawa, iwake.

13 Julai

Mama amerudi. Anafuta madoa ya ukungu kwa mvuke na kitambaa cha pamba, pole pole, kwa namna niliyokuwa siijui. Malkia wa Ming amepona mkono. Miaka ishirini na minane kiwandani. Sikuwahi kumuuliza hata swali moja.

16 Julai

Jua saa nzima. Halafu mvua.

18 Julai

Boran ameuliza nitampeleka nani Nanjing. Nimebadili mawazo mara nne leo. Mama alisema jambo moja tu, kwamba kama kuna nafasi kwenye treni angependa kuja.

20 Julai, Jumamosi, kwenye treni ya kurudi

Nilimpeleka Bibi wa Buluu, asiye na buluu. Sikujua kama ni ujasiri au ukaidi. Nilimsimamisha mezani na taji lake na shati jeupe, katikati ya malkia na mabibi waliometameta ukumbi mzima. Majaji walipita, wakasoma kadi, wakaandika kitu, wakaendelea. Mwenyekiti aliniinamia akaniuliza kama mzigo umepotea njiani.

Mama alikaa nyuma ya meza, begi mapajani. Nilikuwa namtazama kwa wasiwasi, nikidhani ukumbi uliojaa mavazi yale utamshinda. Alikuwa anawatazama mmoja mmoja, nyuso zao, bila kukwepa.

Karibu saa tisa akaja msichana wa miaka kumi na mitano hivi, mkusanyaji naye, amebeba mwanasesere wake kwenye mkoba wenye dirisha la plastiki. Alitazama mezani kwetu muda mrefu kuliko majaji. Akaniuliza, kwa adabu, joho la huyu bibi liko wapi.

Nilikuwa natafuta jibu fupi. Mama akasimama.

"Liko kwa mwenyewe," alisema. "Hilo la Suwen ni la pili. La kwanza nililichoma mimi, nikiwa mdogo kuliko wewe."

Msichana hakukimbia. Watu wawili wa meza ya jirani waligeuka. Mama alishika ukingo wa meza, nami nikachukua kiti changu nikamsogezea. Alikaa. Msichana akaweka mkoba wake chini, akamuuliza lilikuwaje, na Mama akaanza kumweleza kuanzia pindo, kwenye mawimbi, akipanda kwenda juu.